Mama anampa, mlinzi anampa, na mbwa wetu amefika kilo 41

Daktari, salamu.

Mimi ni msomaji wako kutoka Bamburi, upande wa Kiembeni. Nina mbwa dume, chotara wa Labrador, jina lake Simba, umri miaka sita. Tulimhasi akiwa na miaka minne kwa sababu alikuwa haachi kuruka ukuta kufuata majike wa mtaani. Siku zile alikuwa mwepesi, na mgeni asiyemjua hakuthubutu kugusa lango.

Juzi nilimpeleka kuchanjwa kichaa cha mbwa. Daktari wa kliniki akampandisha kwenye mizani, ikasoma kilo 41. Akasema kwa umbo lake angefaa kuwa na 32 hivi, akaandika kwenye kadi "apunguzwe uzito", akaita mteja aliyefuata. Apunguzwe kwa njia gani, hakusema.

Nikueleze anavyokula. Mke wangu humpikia ugali kwa omena, bakuli moja asubuhi na jingine jioni. Lakini tangu mamangu ahamie kwetu kutoka Wundanyi, kule Taita, kila tukikaa kunywa chai Simba hujilaza karibu na kiti chake, naye humkatia hamri, mara nyingi mawili. Nikisema, "Mama, usimpe," hunijibu, "Kwani wewe nilikulea kwa kukunyima?" Tena ana neno lake kwamba wageni wakikuta mbwa mbavu nje watasema nyumba hii ina njaa. Watoto nao humsukumia wali unaobaki. Usiku mlinzi wetu, mzee wa watu asiye na neno, hugawana naye chapati na maharagwe. Anasema mbwa akishiba ndio hukesha naye vizuri.

Sasa Simba akitoka verandani hadi langoni anahema kama aliyetoka safari. Ngazi tatu anazipanda kwa kituo. Jirani mmoja amenishauri nimfungie asile siku tatu. Kijana wa boda amejitolea kumfunga kamba akimbie nyuma ya pikipiki mpaka ufukwe wa Pirates na kurudi. Jumamosi nikaona bora nimpeleke ufukweni mwenyewe. Tulifika saa nne asubuhi, hatukwenda mbali akajitupa mchangani, ulimi umekuwa mwekundu sana, hataki kuinuka. Nilimrudisha kwa tuktuk. Kuna pia mtu anauza vidonge vya kukata tumbo, vya binadamu, akaniambia nusu kidonge inamtosha mbwa.

Nianzie wapi, na nifanyeje nisigombane na mama? Je, kumhasi ndiko kulikomharibu? Na huo ugali una makosa gani, ikiwa nyama yenyewe haoni? Mwisho, paka wetu naye ameanza kujaa tumbo. Nimweke kwenye mpango huo huo?

Baba Neema, Bamburi

MAJIBU

Baba Neema, nianze na ile Jumamosi ya ufukweni, kwa kuwa katika barua yako nzima hakuna jambo lililokaribia kumuua Simba kama hilo.

Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Ana tezi chache za jasho kwenye nyayo, basi. Joto lake hulitoa kwa kuhema: hewa inapita juu ya ulimi na koo vilivyolowa, unyevu unakauka, damu inapoa. Sasa hewa ya Mombasa yenyewe imelowa. Unyevu wa ulimini haukauki upesi, na mbwa huhema na kuhema bila kupoa. Mwongezee kilo tisa za mafuta yanayozuia joto lisitoke na kukibana kifua kisitanuke, kisha umtembeze mchangani saa nne jua likiwa limeshapanda. Huo ulimi uliouona ulikuwa mwanzo wa kuzidiwa na joto. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Likipita 41, figo, ini na ubongo huanza kuharibika, na hata akionekana amepona jioni anaweza kufa siku mbili tatu baadaye.

Ikitokea tena, usingoje tuktuk ndipo uanze kumsaidia. Mtoe juani, mmwagie maji ya bomba mwili mzima, mpepee, endelea kummwagia na kumpepea njiani kuelekea kliniki. Taulo la maji ukimfunika nalo ukaliacha hapo huzuia joto lisitoke, kwa hiyo usimfunike. Akitaka kunywa anywe, asishikiliwe mdomo kulazimishwa. Dalili za kuangalia ni kuhema kusikotulia, mate mazito ya kuvutika, fizi nyekundu, kuyumba na kutapika.

Yule kijana wa boda mshukuru kwa nia yake njema, halafu umkatalie.

Jambo la pili: kabla mke wako hajapunguza hata mwiko mmoja wa ugali, mrudishe Simba kwa daktari, wiki hii. Aliyeandika "apunguzwe uzito" hakukosea, ila alikuachia nusu ya kazi. Si kila tumbo kubwa ni mafuta. Huku Pwani mbu hawana likizo, na mbu ndio wanaopitisha minyoo ya moyo kutoka mbwa hadi mbwa. Minyoo hiyo hukaa kwenye mishipa mikubwa ya mapafu na ndani ya moyo. Mbwa huanza kwa kuchoka upesi na kukohoa, na ugonjwa ukikomaa tumbo hujaa maji, mwenye mbwa akadhani ni kunenepa. Kupe nao huleta homa zinazokula damu, mbwa akawa hana nguvu za kupanda ngazi. Kisha kuna tezi ya shingoni, thairoidi, ambayo ikizembea mbwa hunenepa hata kwa chakula kidogo, akawa mzito wa kuamka na manyoya yakawa hafifu. Mwombe daktari asikilize moyo, apapase tumbo na viungo vya miguu, na achukue damu. Ikiwa kuna mojawapo ya haya, kumnyima ugali hakutamsaidia.

Na hakikisha huyo ni daktari kweli. Kwa sheria ya mwaka 2011 madaktari wa mifugo nchini husajiliwa na bodi yao na kupewa leseni, na hakuna ubaya kuomba kuiona. Muuzaji wa agroveti anaweza kuwa mtu mwema sana na bado asiwe daktari.

Ukiwa nyumbani unaweza kumpima kwa vidole. Nyoosha mkono wako, pitisha vidole vya mkono wa pili juu ya mgongo wa kiganja, pale mifupa inapoguswa chini ya ngozi nyembamba. Hivyo ndivyo mbavu za mbwa mwenye afya zinavyotakiwa kuguswa. Ukizigusa ukahisi kama unagusa ndani ya kiganja, yaani nyama kwanza na mfupa unautafuta, amezidi. Kisha simama umtazame kutoka juu: nyuma ya mbavu panatakiwa paingie ndani kidogo, pawe na kiuno. Kutoka ubavuni, tumbo linatakiwa lipande kuelekea mapaja, lisiwe limenyooka wala kuning'inia. Madaktari hutumia kipimo cha alama 1 hadi 9, na mbwa mzuri yuko 4 au 5. Simba kwa maelezo yako yuko 7 au 8.

Sasa tuje kwenye bakuli. Umeniandikia mabakuli mawili, mimi nimehesabu matano.

Hesabu ya madaktari ni hii: uzito ambao mbwa anatakiwa kuufikia hupandishwa kwa kipeo cha 0.75, kisha huzidishwa kwa 70. Usijisumbue na kikokotoo, nimekufanyia. Kwa kilo 32 jibu ni kalori kama 940 kwa siku nzima, usiku na mchana, kutoka kwa kila mtu. Hamri la nazi la ukubwa wa kawaida, kwa makadirio yangu, lina kalori 200 hivi. Mama akikata mawili, 400 zimekwenda kabla Simba hajaona bakuli lake. Chapati ya mlinzi nayo si chini ya 200, kwa kuwa kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia peke yake ni kalori 120. Hapo mbwa ameshakula zaidi ya nusu ya posho ya siku, na wali wa watoto sijauingiza, wala ugali. Mke wako anaweza kupunguza ule ugali mpaka sufuria ibaki kavu na Simba asikonde.

Kwa hiyo, Baba Neema, tatizo lako si chakula gani. Ni kwamba mbwa huyu ana walishaji watano na hakuna anayejua wenzake wametoa nini. Kila mmoja anatoa kidogo, na wote ni watu wema. Chagueni mtu mmoja awe ndiye mwenye chakula cha Simba, na kwa nyumba yenu naona ni mke wako. Kila asubuhi apime chakula cha siku nzima, akitie kwenye debe dogo lenye kifuniko. Yeyote anayetaka kumpa Simba kitu, awe mama, mtoto au mlinzi, achote humo. Debe likiisha, limeisha. Mnaweza kumpa mara tatu au nne kwa siku, haidhuru, mradi kilichotoka ni kile kilichopimwa.

Mama. Hapa ndipo barua nyingi za aina hii hukwama, na mimi simlaumu. Mbwa aliowajua kule Taita walikula makombo wakashinda milimani na mbuzi, na mbwa mbavu nje alikuwa kweli ni mbwa mwenye njaa. Simba anashinda verandani. Lakini ukimwendea na neno "usimpe", unamwambia mzee kwamba mkono wake una madhara, tena mbele ya wajukuu. Hatakubali, na mimi nisingekubali. Mwendee kwa "Mama, nisaidie." Siku ya kwenda kliniki mchukue. Yale ambayo mzazi hayasikii kutoka kwa mtoto aliyemzaa huyasikia vizuri sana kutoka kwa mgeni aliyevaa koti jeupe. Daktari amwonyeshe jinsi mbwa anavyoumia kupanda ngazi, amshikishe mbavu. Mkirudi, mpe yeye kazi ya kumlisha Simba wakati wa chai, lakini kutoka kwenye kibakuli chake: vipande vya karoti, tango, maharagwe machanga ya kuchemsha, papai lisilo na mbegu. Gramu 100 za tango ni kalori 15 hivi, na za karoti kama 40, kwa hiyo mama anaweza kumega na kumega na mkono wake usikae bure. Wiki ya kwanza Simba atalitazama tango kwa dharau. Atazoea. Anachokipenda kwa mama ni kile kiti na ule mkono kuliko unavyofikiri.

Akirudia suala la wageni na mbavu, msomee hili. Marekani kulifanywa utafiti wa Labrador 48, jozi kwa jozi, tangu wakiwa watoto hadi kufa. Katika kila jozi mmoja alipewa robo pungufu ya chakula cha mwenziwe. Matokeo yalitolewa mwaka 2002: waliokula pungufu waliishi karibu miaka miwili zaidi, 13 dhidi ya 11 na kidogo, na maumivu ya viungo yaliyohitaji dawa ya kudumu yaliwafika miaka mitatu hivi baadaye. Na hawa wenzao wala hawakuwa wanene wa kutisha kama Simba.

Kuna hoja nyingine ambayo huenda ikamgusa mama kuliko afya, na ikamgusa zaidi mlinzi. Wezi wa mjini hapa wanajua kurusha nyama yenye sumu juu ya ukuta. Mbwa aliyezoea kupokea kutoka kwa kila mkono, saa yoyote, hataiuliza nyama imetoka wapi. Mwambie mzee wa langoni hivyo hivyo, kwa heshima, kisha umwachie sehemu yake ya debe ampe Simba saa za usiku. Na dhana kwamba mbwa akishiba ndio hukesha, mwulize mwenyewe yeye akishiba chapati tatu hukesha vipi.

Watoto wasikaripiwe. Wape mizani ya jikoni wapime chakula, wataona raha. Ila lazima wajue vyakula ambavyo si vya mbwa hata punje: kitunguu maji na kitunguu saumu, zabibu mbichi na kavu, chokoleti, chingamu zisizo na sukari zenye zailitoli, na mifupa iliyopikwa, ikiwemo ya kuku. Tazama basi sahani ya pilau iliyobaki Jumapili: kitunguu kimekaangwa mpaka kimeyeyuka, zabibu juu, mafuta chini. Wali wa nazi na mbaazi hauna sumu hiyo usipokuwa na kitunguu, lakini mafuta mengi kwa mpigo yanaweza kulipua kongosho la mbwa mnene, na hayo ni maumivu ambayo simtakii mnyama yeyote.

Umeuliza ugali una makosa gani. Hauna kosa, ni mwingi. Watu wengi hudhani unene hutoka kwenye nyama, na mbwa asiyeonja nyama hawezi kunenepa. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori kama 360, na mbwa wa kupungua anahitaji kitu kingine: protini ya kutosha, ili anapochoma mafuta asichome na misuli. Geuzeni bakuli. Ugali uwe pembeni, omena ziwe katikati. Ziosheni mchanga na chumvi, mzichemshe zikiwa nzima, kwa kuwa vile vifupa vyake vidogo laini vinampa kalsiamu. Siku nyingine samaki wa kuchemsha asiye na miiba, yai, au matumbo yaliyotolewa mafuta. Ongezeni malenge, mchicha au sukumawiki vya kuchemsha bila chumvi, bila kitunguu, bila nazi, vijaze tumbo asione amenyimwa. Papa mkavu na ng'onda muwaache, chumvi yake ni ya kuhifadhia. Badilisheni taratibu kwa muda wa wiki moja, asije akaharisha. Na orodha ya mwisho pamoja na vipimo aipitishe daktari, kwa sababu chakula cha kupikwa nyumbani kwa miezi mingi huweza kupungukiwa madini bila mtu kujua.

Jicho moja litazame unga. Kuna unga "wa mbwa" unaouzwa rahisi, na urahisi wake mara nyingine hutokana na mahindi yaliyoshika ukungu. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haifi kwa kupikwa. Mwaka 2004 iliua watu 125 huku kwetu Kenya, wengi wao Ukambani, na ini la mbwa halina ubavu kwa sumu hiyo hata kidogo. Unga usioweza kuwapikia watoto, usimpikie Simba.

Mkiweza kununua chakula kavu cha madukani, kile kilichotengenezwa kwa ajili ya kupunguza uzito ndicho bora, maana kimepunguzwa kalori bila kupunguzwa virutubisho. Bei yake si mchezo, najua. Someni kalori kwenye mfuko. Kikiwa na 350 kwa gramu 100, posho ya siku ni gramu 270 tu, na hapo hakuna ugali tena wala omena. Pimeni kwa mizani. Kikombe cha chai kinadanganya: leo kimejaa sawasawa, kesho kina mlima juu yake.

Kuhusu kuhasiwa, hukumharibu. Mbwa aliyehasiwa hutumia nishati pungufu, kwa kukadiria robo hivi, na hamu ya kula huongezeka. Angepunguziwa chakula wiki ile ile, tusingekuwa tunaandikiana. Hukuambiwa, na hiyo ni lawama yetu sisi madaktari. Faida za kutoruka ukuta, kutopigana na kutozaa ovyo mtaani bado ni zako. Halafu damu ya Labrador ina mambo yake. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walionyesha kwamba takriban Labrador mmoja kati ya wanne ana kasoro kwenye jeni iitwayo POMC, ile inayohusika na kuuambia ubongo "tosha". Mbwa wa namna hiyo haigizi anapokutazama kwa macho ya njaa dakika kumi baada ya kula, njaa anaisikia kweli. Simba anaweza kuwa na sehemu ya urithi huo. Ndio sababu hamtaweza kumwachia yeye aamue lini ameshiba. Mkorofisheni kidogo: tandazeni chakula chake sakafuni au mkifiche sehemu kadhaa za ua, akitafute kwa pua. Bakuli analolimaliza kwa kufumba na kufumbua litamchukua robo saa.

Kumfungia siku tatu, hapana. Atapoteza misuli, atavunja jaa la takataka, na mkifungua mlango atakula kwa pupa mpaka atapike. Vidonge vya kukata tumbo, hapana mara mbili. Marekani waliwahi kuidhinisha dawa ya mbwa hasa kwa kazi hii, mwaka 2007, na baadaye ikaondoka sokoni. Hivyo vya binadamu mara nyingi huwa na vichocheo vinavyokimbiza moyo, na moyo wa Simba tayari una mzigo. Hata akiumwa magoti msimpe dawa za maumivu za watu, hasa ibuprofen na diclofenac: hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Daktari ana za mbwa.

Matembezi yanakuja nyuma ya bakuli, si mbele yake. Mbwa hakondi kwa kukimbizwa kama chakula hakijapungua, ila matembezi hulinda misuli na kumchangamsha. Muda wake ni saa kumi na mbili asubuhi, au jioni jua likishatua, dakika kumi kumi kwa kuanzia, mkiongeza kidogo kila wiki mradi akifika nyumbani atulie kuhema upesi. Wekeni mgongo wa mkono kwenye lami. Mkishindwa kuuacha hapo kwa sekunde saba, nyayo zake nazo zitaungua. Kuanzia Januari hadi Machi, kaskazi ikivuma, fupisheni bila kuona haya. Ufukweni mchukueni maji yakiwa yamekupwa, mtembee kwenye mchanga mgumu uliolowa, kwa kuwa ule mkavu unaotitia humchosha viungo. Kuogelea kunamfaa sana, mwili unabebwa na maji, lakini mbebeeni maji baridi ya kunywa asije akanywa ya chumvi. Tena kamba iwe fupi. Alfajiri njia zetu zina watu wanaotoka msikitini na udhu wao, na wengi wao mate ya mbwa yakiwagusa huwabidi kujitwaharisha upya. Vuka upande wa pili, salimia, endelea. Mbwa mwenye mwenyewe mstaarabu hapigiwi mawe.

Usitegemee miujiza ya mwezi mmoja. Kasi salama ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito kwa wiki, yaani kwa Simba gramu 400 hadi 800, na huko mbele itapungua. Kilo tisa ni miezi mitano, sita, pengine zaidi. Mpimeni kliniki kila wiki mbili. Kliniki nyingi hazitozi kwa kupanda mizani tu. (Mizani ya duka la nafaka pale Kongowea ingetosha uzito wake, lakini sidhani kama mwenye mchele angefurahi.) Katikati ya hapo tumieni utepe wa fundi cherehani kuzunguka tumbo nyuma ya mbavu, mwandike. Ikipita wiki ya nne mizani haijasogea, kabla ya kupunguza chakula ulizeni kwanza debe: nani ametoa nje yake? Mara nyingi jibu liko hapo. Ikiwa hakuna, punguzeni sehemu moja ya kumi. Akishuka kwa zaidi ya asilimia 2 kwa wiki, mwongezeeni. Na akifika 32 msirudishe mabakuli ya zamani. Daktari atawapandishia kidogo kidogo mpaka mizani isimame.

Paka ni habari nyingine kabisa, na usimweke kwenye mpango wa Simba. Paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwilini hukimbilia kwenye ini, likavimba na kushindwa kazi, akafa. Yeye hupunguzwa polepole zaidi, tena kwa chakula chenye nyama au samaki, kwa kuwa mwili wake hauwezi kuishi kwa ugali na malenge. Lakini hukuniambia ni dume au jike. Kama ni jike, hajafungwa kizazi, na madume ya Kiembeni yanapita ukutani kwako kila usiku, basi mpeleke siku hiyo hiyo ya Simba, na ujiandae kutafutia majirani vitoto vya paka.